Robo Fainali Ukutani kwa Mzee Nathanaeli

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Jana Elisante amenifukuza grosarini kwake. Mimi! Mteja wake wa miaka sita, jirani yake wa kuvuka barabara! Kosa langu? Eti naongea mpira ukiwa unachezwa. Alisema mbele ya watu kwamba Jumamosi, Taifa Stars ikicheza na Burkina Faso, nakaribishwa kukaa, ila mdomo niuache nyumbani. Watu wakacheka. Nikanyanyuka. Soda sikuimaliza.

Mimi siongei mpira. Mimi natangaza. Kuna tofauti.

Mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani yamekuja kwetu. Wenyeji ni sisi, pamoja na Kenya na Uganda. Halafu mimi nikae kimya? Mwenyeji gani anapokea wageni kwa kunyamaza?

Usiku sikulala. Asubuhi wazo likaja lenyewe, nikiwa kazini Mtumba. Mimi ndiye mtunza stoo wa kitengo chetu wizarani. Na stoo ina projekta mpya kabisa, imekaa kabatini inazeeka bure. Mkuu wetu, Bi Violeth, yuko likizo kwao Mbeya hadi tarehe 18. Stars ina mechi nne za makundi, ya mwisho tarehe 16. Halafu tutatolewa, maana huwa tunatolewa. Naipenda nchi yangu, lakini naijua. Tarehe 18 asubuhi projekta itakuwa kabatini, imefutwa vumbi, haina neno.

Na wala sijaiba! Utaratibu nimeufuata. Nimejiandikia ombi la kuazima, nikalitafakari, nikalikubali.

Jumamosi, 2 Agosti

Ushindi! Nchi imeshinda na Batholomeo ameshinda!

Nianze mwanzo. Skrini ilikuwa shuka nyeupe ya harusi yetu. Lydia, mke wangu, aliuliza naipeleka wapi. Nikamwambia inakwenda kulitumikia taifa. Nikaitundika kwenye kamba kati ya nyumba yetu na ya Mzee Nathanaeli. Tangazo nilipita nalo mwenyewe kwa miguu, Ipagala nzima upande wetu: mpira bure, njoo na kiti chako na blanketi lako, maana baridi ya Dodoma mwezi huu haina adabu.

Wakaja! Mtaa mzima!

Tatizo likawa upepo. Shuka ikajaa kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mabeki wetu wakanenepa. Mpira ulionyooka unakata kona. Nikazidisha kutangaza ili watu wasione. Mwisho wa kipindi cha kwanza, penalti! Yetu! Mpigaji anakwenda... upepo ukang'oa shuka, ukanivika mimi kichwani. Sikuona kitu. Ila picha haikupotea. Ilikwenda kutua mlangoni kwa Mzee Nathanaeli, na Mzee mwenyewe ndiyo kwanza anatoka kuuliza kelele ni za nini. Penalti ikaingia kifuani kwake! Watu wakamrukia, wakamkumbatia, wakambeba juu. Ana miaka sabini na tano, hajui amefanya nini, lakini alikuwa anapunga mkono.

Mbili bila. Nimechungulia kwa Elisante. Watu wanne, mmoja ni mlinzi wake.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani nimepewa mikono mingi kuliko mwinjilisti. Elisante kapita pembeni yangu, akasema kwa sauti kwamba ameona shuka yangu ina kiraka. Wivu.

Mchana Lydia ameniuliza mashine nimeitoa wapi. Nikasema imeazimwa. Kwa nani? Nikasema serikalini. Akauliza serikali inajua? Nikamwambia serikali ni kubwa, haiwezi kujua kila kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Dawa ya upepo ni ukuta. Na ukuta mzuri mtaani ni wa Mzee Nathanaeli, mpana, unatazama uwanja. Nimekwenda na ndoo ya rangi nyeupe. Nikamwamkia shikamoo ya heshima kubwa, nikamwambia kwamba kwa jinsi alivyotuletea bahati Jumamosi, vijana wa mtaa tumeona tumpake rangi nyumba yake. Alifurahi mno. Akaniita mwanangu. Akatoa kiti akae atazame.

Nikapaka mstatili mmoja, futi kumi kwa sita. Nikafunga ndoo.

Mzee akautazama ule mstatili muda mrefu. Akauliza nyingine inakuja lini. Nikasema inakuja, Mzee. Akauliza kesho? Nikasema inakuja tu.

Elisante ametundika bango: HAPA PICHA HAIPEPERUKI. Na mimi nimetundika langu: HAPA NI BURE.

Jumatano, 6 Agosti

Tumeshinda tena! Lakini moyo wangu una jeraha.

Mauritania walikuwa wagumu. Bila bila, bila bila, dakika zinakwenda. Ukuta ulipendeza! Majani ya uwanja uliyaona moja moja. Nilitangaza vizuri mpaka koo likakauka. Dakika ya themanini na kidogo, puu! Giza. LUKU imeisha. Siku zote nne nimeshughulikia shuka, rangi, bango, watu. Umeme nani akumbuke?

Nilidhani watanisubiri. Ni umbali wa hatua arobaini tu hadi kwa Elisante. Walibeba viti vyao wakavuka. Mama Yasinta, jirani yetu wa nyuma, akavuka. Mzee Nathanaeli, mwenye ukuta, akavuka na fimbo yake. Lydia akavuka! Mke wangu wa ndoa! Akanigeukia akasema, "Nakuja sasa hivi, baba Anna," na hakuja.

Nikabaki na simu. Nimenunua umeme, nikaanza kuingiza zile tarakimu ishirini. Nimekosea mara mbili. Dakika ya themanini na tisa nikasikia mlipuko kutoka ng'ambo ya barabara. Goli! Nimelijua goli kwa masikio. Umeme ulirudi refa anapuliza filimbi ya mwisho. Nikasimama peke yangu mbele ya ukuta, wachezaji wanakumbatiana ukutani, majirani wanakumbatiana kwa Elisante, na mimi nimekumbatia mita.

Nililia. Nusu ilikuwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandike kwa wino gani!

Safari hii sikubahatisha. LUKU imejaa. Zaidi ya hapo nimevuta waya wa akiba kutoka kwa Mama Yasinta, ukapita juu ya mizabibu yake, kwa makubaliano kwamba kiti cha mbele katikati ni chake mpaka mashindano yaishe. Kipaza sauti nimekiazima kwa kwaya. Mwalimu wa kwaya nilimwambia ni cha matangazo. Sikumdanganya.

Madagaska hata hawajakaa sawa, dakika ya kumi na tatu, ndani! Nilitangaza mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi, mbwa wa mtaa wote wakajibu. Dakika ya ishirini, ndani tena! Lydia, ambaye mpaka leo anadhani ofsaidi ni aina ya ofisi, alipanda juu ya kiti akaimba. Mzee Nathanaeli alicheza na fimbo. Wakapata moja, tukashika roho, filimbi! Mbili kwa moja!

Tumeingia robo fainali! Mara ya kwanza kabisa kwenye mashindano haya! Tukaruka, tukaruka. Nilikuwa bado niko hewani nilipoikumbuka kalenda. Robo fainali ni tarehe 22. Bi Violeth anarudi tarehe 18. Nilitua vibaya, kifundo kinaniuma hadi sasa.

Kabla sijapumua, Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Daudi, akanipokonya kipaza sauti. Akatangaza kwamba robo fainali itaangaliwa hapahapa, yeye akiwa mgeni rasmi, na akauliza kama mwenyeji amekubali. Watu wote wakanigeukia.

Mdomo wangu ukajibu naam. Mimi sikuulizwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mungu anisamehe, jana kanisani nilijaribu kuomba tuvuliwe pointi. Nikashindwa kumaliza sala. Nilijikuta nashukuru kwa goli la pili.

Leo nimepata mpango, na ni mzuri kuliko yote. Stoo kuna projekta nyingine, kizee, ilikufa mwaka juzi, ilishafutwa hata kwenye daftari la mali. Nimeiweka ndani ya boksi la ile mpya. Bi Violeth akirudi ataiwasha, haitawaka. Mimi nitatikisa kichwa kwa huzuni. Nitasema, mkuu, hii niachie niipeleke kwa fundi. Na fundi anajulikana: njoo kesho, njoo keshokutwa. Kufika hapo Stars ishachukua kombe, na projekta mpya inapona ghafla.

Nimetoka kazini napiga mluzi.

Alhamisi, 14 Agosti

Kuna watu wana kimbelembele!

Mudrick wa TEHAMA alitaka projekta kwa ajili ya mafunzo. Sikuwepo, nilikuwa kantini. Akafungua kabati, akatoa boksi, akawasha, haikuwaka. Mtu mwingine angeandika barua. Yeye katoa bisibisi mfukoni, akaifungua, akapuliza, akabadilisha kitu fulani, ikawaka! Nusu saa! Mashine iliyolala miaka miwili! Nani alimtuma?

Nimerudi nimemkuta anasoma namba ya mali iliyobandikwa chini.

"Batholomeo, hii ndiyo ile iliyofutwa. Ile mpya iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa fundi.

Akanitazama kwa upole. "Kaka, fundi ni mimi."

Nimemweleza yote. Sikuwa na ujanja. Akasikiliza, akaguna, akafikiri. Kichwani nikamwona tayari anakwenda kwa Katibu Mkuu. Kumbe! Akasema hatasema kitu kwa mtu, ila kuanzia Jumamosi anataka kipaza sauti. Tangu yuko shule ya msingi alikuwa anaota kutangaza mpira.

Nimempa stoo yangu, siri yangu, na sasa sauti yangu. Sina kilichobaki.

Jumamosi, 16 Agosti

Jamhuri ya Afrika ya Kati. Bila kwa bila. Tumeongoza kundi, watu wamefurahi.

Mudrick katangaza. Anasema jina la mchezaji, halafu ananyamaza. Mpira ukitoka anasema umetoka. Basi! Hiyo ni kazi? Nikamwuliza Mama Yasinta anamwonaje. Akasema leo ndiyo ameelewa mpira.

Mimi nilishika waya usikanyagwe na mbuzi.

Jumatatu, 18 Agosti

Bi Violeth amerudi, amenenepa vizuri, katuletea mchele wa Kyela kila mtu na kifuko chake. Aliponipa changu aliniuliza habari za Lydia na watoto, na kwa kweli, kwa kweli kabisa, nilifumbua mdomo nimweleze. Neno la kwanza lilishafika kwenye meno.

Akasema Ijumaa saa nane mchana kuna kikao, niandae projekta mpya. Nikasema iko tayari, mkuu. Moyoni nikapanga: kesho naileta kimyakimya ndani ya boksi la karatasi, Ijumaa jioni natoka nayo kimyakimya. Akasema baada ya kikao ataifungia ofisini kwake, maana siku hizi vitu vina miguu. Akacheka. Nikacheka, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuacha.

Kisha akasema Mudrick kamwambia kuna sehemu Ipagala watu wanaangalia mpira ukutani, raha tupu, na yeye na mumewe wamepanga kwenda Ijumaa. Akaniuliza, wewe si unakaa Ipagala? Unapajua?

Nikasema nimepasikia.

Ijumaa, 22 Agosti

Nijitahidi kufuata mpangilio.

Projekta mpya ilifungiwa saa kumi. Nikabaki na kile kizee cha Mudrick. Nikakibeba. Ningefanyaje? Mgeni rasmi alishaanika suti kambani.

Watu walijaa mpaka juu ya matangi ya maji. Wengine wametoka Bahi kwa bodaboda. Mzee Daudi kakaa mbele, kapewa maua. Pembeni yake Bi Violeth na mumewe, wamevaa jezi za Stars. Aliponiona aliniita kwa furaha, "Batholomeo! Kumbe na wewe unakuja huku!" Nikasema ndiyo, huwa napita.

Kizee kikawaka. Lakini rangi! Kila kitu kijani. Stars kijani, Morocco kijani, refa kijani, Mwenyekiti aliyekaa karibu na mwanga naye kijani. Hapo ndipo nikamheshimu Mudrick, maana bila yeye hakuna ambaye angejua nani ana mpira. Mtaa mzima uliangalia kwa masikio. Na bado walishangilia kila pasi! Kila tukivuka nusu ya uwanja kina mama wanapiga vigelegele. Sijawahi kuona watu wanaisukuma timu kwa nguvu namna ile kutoka umbali wa kilomita mia nne na zaidi.

Kipindi cha pili, dakika ya sitini na kitu, taa ya projekta ikasema tii, ikafa. Mudrick akaigusa, ikamuunguza kidole. Giza. Na ndani ya giza hilo, kutoka kwa Elisante, tukasikia mguno. Siyo kelele. Mguno, kama wa mtu aliyeangushiwa mzigo mguuni.

Tumefungwa. Gizani.

Hakuna aliyeondoka. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Wangebeba viti kama siku ile, ningewasamehe. Walikaa wananitazama, au walitazama mahali nilipo.

Lydia akasimama. Akavuka barabara, mimi nyuma yake nachechemea.

"Elisante," akasema, "mtaa wote uko gizani kule, hadi Mwenyekiti. Wewe una televisheni kubwa na watu sita. Stars ikicheza dakika hizi za mwisho peke yake, sisi tutasema nini?"

Elisante akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Akisema neno moja," akasema, "naizima."

Tukaibeba wawili, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukavuka nayo kama tumebeba mgonjwa. Tukaiweka juu ya meza chini ya ule mstatili mweupe, waya wa Mama Yasinta ukafika. Watu wakashangilia kama tumefunga! Na mimi nikanyamaza. Dakika kumi na tano! Kona ilipigwa, nikajiziba mdomo kwa kofia. Shuti likapita pembeni, nikang'ata kola ya shati. Elisante alikuwa ananitazama mimi kuliko mpira.

Moja bila. Imekwisha.

Halafu Mzee Nathanaeli akaanzisha wimbo wa Kigogo, taratibu, fimbo inapiga mdundo, kwaya ikadakia, watu wakageuza ndoo kuwa ngoma. Wakacheza! Ungepita ungedhani tumechukua kombe. Elisante alicheza na Mama Yasinta. Nilicheza na Lydia kwa mguu mmoja. Nikawaza, hawa watu mimi ndiye niliyewakusanya. Nikaona raha ambayo sijawahi kuiona.

Nikageuka. Bi Violeth ameinama mezani, ameigeuza projekta, anasoma namba kwa tochi ya simu.

"Batholomeo. Hii si ilifutwa?"

Nikasema ndiyo, mkuu.

"Na mpira hapa mmeangalia tangu tarehe mbili." Akahesabu kwa vidole. "Projekta hii Mudrick kaniambia kaitengeneza tarehe kumi na nne."

Nilimtazama Mudrick. Mudrick alitazama nyota.

Bi Violeth akasema Jumatatu saa mbili, maelezo kwa maandishi. Kisha akarudi kucheza.

Jumatatu, 25 Agosti

Jumamosi na Jumapili nimepaka rangi nyumba ya Mzee Nathanaeli. Yote, hadi choo cha nje. Mzee alikaa kwenye kiti anaonyesha kwa fimbo pale niliporuka. Elisante kaniletea soda. Kasema naweza kurudi grosari, ila kutangaza ni wakati wa mapumziko tu. Nimesema nitafikiria.

Leo maelezo yangu yalikuwa kurasa nne. Bi Violeth kayasoma yote, mara mbili akaficha mdomo kwa karatasi. Kisha akawa mkali. Onyo la maandishi limeingia kwenye jalada langu. Na stoo nimevuliwa, leo hii, funguo juu ya meza. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwamba mali ya umma ni mali ya umma, mkuu, na nilisema kwa moyo wangu wote.

Akaridhika. Akasema kuanzia sasa nitakuwa msimamizi wa ukumbi mpya wa mikutano, kufungua asubuhi na kufunga jioni, kwa sababu kule hakuna kitu ambacho mtu anaweza kukibeba. Akanikabidhi ufunguo.

Nimeshinda mle mchana kutwa. Pametulia, panapendeza. Na ukutani kuna skrini! Bapa, nyeusi, pana kama kitanda cha futi sita, haihitaji shuka wala rangi wala giza. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika lenyewe linakuja kwetu, na Stars ndani.

Imeshikwa na skrubu nane tu. Mlango nimeupima kwa mikono. Ukiilaza ubavu, inapita.